Nianzie Wapi, Sista?

Saa kumi na mbili na robo asubuhi. Thieta walikuwa wanasubiri seti tatu za vifaa vya upasuaji wa kujifungua, otoklevu, mashine yetu ya kutakasa kwa mvuke, ndiyo kwanza inapanda joto, na mimi nilikuwa nahesabu mikasi kwa mara ya pili kwa sababu mara ya kwanza ulipungua mmoja. Shangazi, ndivyo tulivyomwita mhudumu wetu mpya wa usafi, akasimama mlangoni, ndoo mkono huu, dekio mkono huu. Ilikuwa siku yake ya tatu kwetu.

"Nianzie wapi, sista?"

Sikuinua uso.

"Popote tu, Shangazi. Mradi umalize kabla hawajaja kuchukua seti."

Akaitikia, "Haya mwanangu," akaanzia pale pale aliposimama, yaani chumba cha kuoshea, ambako usiku kucha tulikuwa tumepokea trei zenye damu. Alipomaliza akaisukuma ndoo ile ile, na dekio lile lile ndani yake, akaingia chumba cha kufungia seti. Kutoka hapo akafungua mlango wa stoo tunakoweka vifaa vilivyokwisha kutakaswa, akapiga deki mpaka chini ya rafu, akiinama vizuri, bila kuacha kona.

Sakafu iling'aa. Nikamshukuru.

Wiki sita zimepita, na lile neno "popote" bado limenikaa kooni.

## Vifaa vinakwenda mbele, dekio linarudi nyuma

Nina miaka tisa katika kazi ya kutakasa vifaa vya upasuaji hapa Tanga. Ninapowaambia watu ninachofanya, wanaiwazia mashine: mvuke, saa ya presha, mlango mzito wa chuma. Nami kwa muda mrefu niliiwazia hivyo hivyo.

Kwetu ni vyumba vitatu vilivyofuatana. Cha kwanza ni cha vifaa vichafu, ndiko vinakooshwa. Cha pili vinakaguliwa, vinapangwa kwenye trei, vinafungwa kwa kitambaa na kuingizwa kwenye otoklevu. Cha tatu ni stoo. Kifaa kikishavuka kwenda mbele hakirudi kwa mlango ule ule. Kitarudi kwa kuzunguka, kupitia thieta, kikiwa na damu ya mtu mwingine.

Anayepiga deki njia yake ni kinyume. Anaanza stoo, anakuja chumba cha kufungia, anamalizia kwenye uchafu. Anafuta juu kabla ya chini, rafu kabla ya sakafu. Hafagii kwa ufagio mkavu, kwa sababu vumbi likiinuka litatafuta pa kutua, na pa kutua ni juu ya seti. Kitambaa kilichokwisha kufuta hakichovywi tena kwenye ndoo ya dawa. Na maji yakishaingia rangi yanamwagwa, hata kama bomba liko mbali.

Haya yote niliyasoma chuoni. Niliyaandika kwenye mtihani na nikafaulu.

Halafu asubuhi moja mama wa umri wa mama yangu akaniuliza swali ambalo jibu lake ninalo, nikamnyima.

Nilirudi kwenye daftari letu la otoklevu kutafuta sababu. Lina safu ya tarehe, safu ya joto, safu ya presha, safu ya dakika, safu ya jina la aliyesimamia. Otoklevu yetu inakwenda nyuzi 121 kwa dakika 30 kwa seti zilizofungwa, na kila mzunguko umeandikwa. Nilifunua kurasa za miaka minne nyuma. Hakuna siku hata moja iliyoandikwa nani alisafisha chumba, alianzia wapi, alibadilisha maji mara ngapi.

Tulichokuwa tunakiita kutakasa kilianza mlango wa otoklevu ulipofungwa, kikaisha ulipofunguliwa. Vilivyobaki vyote tuliviita usafi, na usafi ulikuwa wa watu wengine.

## Doa

Huenda ningeyasahau yote kama si ile seti ya Alhamisi.

Niliivuta kutoka rafu ya chini kabisa. Tepu yake ilikuwa imegeuka rangi, mistari myeusi imekolea vizuri, tarehe sahihi. Nilipoigeuza nikaona chini ya kitambaa duara la kahawia, pana kama kisahani cha chai, lenye ukingo uliokauka kama ramani.

Maji ya deki.

Rafu ile ilikuwa imesimama vidole vinne tu kutoka sakafuni. Inatakiwa sentimita 20 hadi 25, na sababu yake ni hii hii: dekio linapopita lisirushie maji kilichopo juu yake. Kitambaa kikilowa, unyevu unakuwa njia. Vijidudu vya nje vinafuata maji mpaka ndani. Seti yenye doa la maji si safi tena, hata kama ilikaa ndani ya mvuke siku nzima.

Na ile tepu, ambayo nimewafundisha wanafunzi wengi kuitazama kwanza, ilikuwa imesema kweli yake. Inasema: nilipita kwenye joto. Haisemi kilichotokea baada ya hapo, wala haiwezi kusema.

Nikaifungua ile seti na kuirudisha kuoshwa. Nikatoa rafu nzima ya chini, seti moja baada ya nyingine, nikizigeuza kwenye mwanga. Mbili nyingine zilikuwa na alama, ndogo, ambazo mtu mwenye haraka asingeziona.

Mimi huwa ni mtu mwenye haraka.

Usiku ule sikulala. Nilikuwa nawaza rafu ile imekaa pale tangu nianze kazi, na deki imepigwa kila asubuhi tangu nianze kazi. Kidonda cha upasuaji kikiingia usaha, sababu ziko nyingi: mikono, ngozi ya mgonjwa mwenyewe, sukari, nyumbani alikofikia. Hakuna atakayekuja kuniambia mama fulani aliugua kwa sababu ya maji ya deki. Hiyo ndiyo iliyoniumiza zaidi. Mashine ikiharibika inapiga kelele. Hili halina sauti, na mtu anaweza kulifanya miaka tisa bila kusikia chochote.

## Manjano

Jumapili nilikuwa nyumbani, Makorora. Nilitaka kuona kwa macho.

Nikachukua kijiko kimoja cha manjano, nikakinyunyiza jikoni kwenye kona ya sakafu. Nikajaza ndoo, nikachukua dekio, nikaanza kupiga deki kama tulivyokuwa tunapiga kazini: jikoni kwanza, halafu ukumbini, halafu chumbani. Nilikamua dekio mara mbili, vizuri, kwa mikono. Nilipomaliza, kwa macho, nyumba ilikuwa safi. Hata mama aliyekuwa barazani alisema leo umepiga deki ya kweli.

Kisha nikachukua kitambaa cheupe kilicholowa, nikafuta miguu ya kitanda.

Njano.

Nikafuta pembe ya ukuta nyuma ya mlango. Njano. Nikafuta chini ya kabati, mahali ambapo dekio liligusa kwa ncha tu. Njano, tena imekoza, kwa sababu huko ndiko maji yalikotuama.

Nikasafisha upya mpaka yote yakaisha, nikabadilisha maji, nikanyunyiza kijiko kingine jikoni, na safari hii nikaanzia chumbani. Manjano yalibaki jikoni. Ukumbini yalifika kidogo kwa nyayo zangu mwenyewe, kwa sababu nilivuka kuchukua sabuni, na hilo nalo nililiweka akilini.

Manjano si vijidudu, najua. Lakini maji ni maji, yanabeba yalichopewa. Mama alipoiona ile pakiti tupu akaniuliza nimepika nini. Nikamweleza. Alisikiliza mpaka mwisho, akanyamaza, kisha akaniuliza kama nimeshamwambia yule mama.

Nilikuwa sijamwambia.

## Glasi kwanza

Jumatatu nilimsubiri Shangazi nje, chini ya mti wa mkungu, pale wahudumu wanapokunywa chai ya saa nne. Nikamwamkia, nikakaa karibu naye. Nilikuwa nimejiandaa usiku kucha namna ya kumfundisha: kwa upole, kwa mifano, bila kumfanya ajione amekosa. Nilianza kwa kuomba radhi kwa lile jibu la siku ya tatu.

"Shangazi, uliponiuliza uanzie wapi, nilikujibu vibaya. Ilibidi nikwambie uanzie stoo."

Akanitazama kidogo. Akasema:

"Nilijua."

Nikadhani sikusikia vizuri.

"Mwanangu, mimi nimeosha vyombo vya shughuli tangu sijavunja ungo. Watu mia tatu, maji ya kuteka, mabeseni mawili. Ukianza na sufuria la pilau, glasi zote zitanuka mafuta, na watu hawatakunywa sharubati yao. Glasi kwanza. Halafu vikombe, sahani, masinia. Sufuria mwisho. Mtoto wa kike hafundishwi hilo mara mbili."

"Sasa mbona ulianzia kwenye uchafu?"

"Wewe ulisema popote. Na mimi nilikuwa mgeni. Nikasema labda hapa mna dawa ambayo inafanya isiwe na kitu."

Nimelirudia jibu lile mara nyingi kuliko nilivyolirudia langu. Alikuwa ameuliza ili ahakikishe. Alikuwa na kanuni sahihi tayari, ameibeba kutoka kwenye beseni la shughuli, na alitaka kujua kama nasi tunaifuata. Mimi nikamjibu kama mtu asiyejua kitu, na yeye, kwa heshima, akaniamini kuliko alivyojiamini.

Nikamwuliza ni nini kingine alichokiona.

Alisita. Nikamsihi. Akaanza kuhesabu kwa vidole. Maboksi ya glavu yanatoka bohari kuu na vumbi lake, yanawekwa juu ya meza ya kufungia seti. Juzi alimwona mende akitoka ndani ya boksi. Kandambili tunazovaa chumba cha uchafu tunaingia nazo stoo. Feni ya ukutani ina utando wa vumbi mweusi, na inapowashwa inaelekea kwenye meza. Dekio halianikwi, linalala kwenye ndoo na maji ya jana, na asubuhi linanuka kama samaki aliyesahauliwa.

Siku chache tu, naye aliyaona yote hayo. Na kila alilolitaja limo kwenye mwongozo wa kukinga maambukizi uliobandikwa ukutani kwetu, kwenye fremu ya kioo.

Ile fremu ya kioo, akaongeza kwa sauti ya chini, nayo ina vumbi.

## Harufu ya klorini

Kulikuwa na jambo moja ambalo yeye hakulijua, na kusema kweli hata mimi nilikuwa nalijua nusu.

Sisi sote pale tulikuwa tunaamini harufu. Klorini ikikaba koo, kazi imefanyika. Chumba kikikosa harufu, mtu wa usafi anaulizwa. Kwa hiyo wahudumu hujifunza haraka: mimina nyingi, mimina mwishoni, ili msimamizi akipita aisikie.

Mwenye historia ya dawa hii anajua harufu ilikuwepo tangu mwanzo. Mwaka 1847, Vienna, daktari Ignaz Semmelweis aliona wazazi, yaani akina mama waliokuja kujifungua, wanakufa kwa homa ya uzazi mikononi mwa madaktari waliotoka moja kwa moja kupasua maiti. Akachagua maji ya chokaa yenye klorini kwa sababu ndiyo yaliyoiondoa harufu ya maiti mikononi. Mwezi wa Aprili katika wodi yake walikuwa wamekufa wazazi wapatao 18 kati ya kila 100; Juni walikuwa wawili. Hakujua kijidudu ni nini. Harufu ilimwongoza vizuri.

Sisi imetupoteza. Klorini inachoka. Ikikutana na damu, inamalizia nguvu zake kwenye damu, na kilicho chini ya damu kinabaki salama. Ikikaa kwenye chupa nyeupe dirishani, jua letu hili linaila mpaka inabaki maji yenye harufu tu. Kwa hiyo sakafu inaoshwa kwanza kwa sabuni na maji, ndipo dawa ipakwe, na iachwe ikiwa mbichi dakika 10 kabla ya kufutwa kwa maji safi. Tukipata ile ya asilimia 3.5, tunachanganya sehemu moja ya dawa na sehemu sita za maji, tunapata 0.5. Ya asubuhi hailali mpaka kesho yake.

Shangazi akauliza: "Na ile ya chooni ya kuondoa madoa, naweza kuchanganya ili iwe kali?"

Hapo nilimshika mkono. Kuna kijana aliyekuwa akisafisha kwetu zamani aliyefanya hivyo, klorini na tindikali ya kusafishia choo kwenye ndoo moja, ndani ya chumba kisicho na dirisha wazi. Tulimtoa nje akikohoa, macho yamevimba. Ile hewa ni sumu. Alikuwa amefikiri kama sisi sote: dawa mbili ni bora kuliko moja. Hakuna aliyemwambia. Siku ile tulimlaumu yeye, na mimi nilikuwa mmoja wa waliomlaumu.

Na ndoo ya vifaa? Hii ilinichukua muda kuikubali. Tulifundishwa kwamba mikasi na koleo zikitoka thieta zilowekwe kwanza kwenye klorini ya 0.5 kwa dakika 10, ndipo zioshwe. Nimeloweka maelfu. Mwaka 2016 Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo wa kutakasa vifaa, na humo halishauri tena kuloweka vifaa kwenye dawa kabla ya kuviosha. Dawa inakula chuma, na kwenye damu inapoteza nguvu; kinachotakiwa ni kuvifunika na kitambaa chenye maji visikauke, kisha vioshwe mapema kwa sabuni na brashi, chini ya uso wa maji ili visirushe matone.

Nililisoma hilo na nikalipinga moyoni kwa wiki nzima. Ndoo ya klorini ilikuwa inanipa amani. Mikono yangu ilikuwa inasubiri zile dakika 10 kama ulinzi. Mpaka nikachukua mkasi mmoja wa zamani uliokuwa umekwama, nikautazama pale kwenye kiungo, nikaona vishimo vya kutu, na ndani ya vishimo weusi ambao brashi haikuufikia. Kutu ile tuliifuga wenyewe, dakika 10 kwa dakika 10. Na siku bomba linapokatika tukatumia maji ya kisima, yenye chumvi kama visima vyetu vingi vya karibu na pwani, tunaiongezea chakula.

Amani yangu sikuipata tena kwa njia ile ile. Ulinzi wangu ni glavu nene, aproni, miwani na kuosha taratibu.

## Dirisha la baharini

Chumba cha kuoshea kina dirisha moja kubwa, linatazama bahari. Alasiri upepo ukianza, ni rehema. Fikiria aproni ya plastiki, gambuti, barakoa, na mvuke wa otoklevu chumba cha pili. Dirisha lile ndilo lililotuweka kazini.

Hewa katika sehemu kama yetu inatakiwa itoke kwenye usafi kwenda kwenye uchafu. Penye mitambo ya hewa inapangwa hivyo kwa makusudi. Sisi hatuna mitambo, tuna upepo. Nikachukua uzi wa bendeji, nikaufunga juu ya mlango kati ya chumba cha uchafu na cha kufungia, nikaurefusha mpaka usawa wa kifua. Asubuhi ulining'inia tu. Saa tisa mchana, upepo ulipoanza, ukanyanyuka taratibu, ukalala ukielekea ndani, ukionyesha kama kidole kwenye meza ya kufungia seti.

Tulisimama wanne tukiutazama. Hakuna aliyesema neno.

Sijui kama nimewahi kufanya uamuzi mgumu kazini kuliko kulifunga dirisha lile. Wenzangu wanaoosha ndio wanaolipa gharama. Siwezi kumwambia mtu avumilie joto kwa ajili ya mgonjwa asiyemjua, halafu mimi nikae chumba cha pili. Tukakubaliana: dirisha linafungwa, mlango wa kati unafungwa, na hakuna anayeosha zaidi ya saa moja bila kubadilishwa, mimi nikiwemo. Tumeomba feni ya kutoa hewa nje, iwekwe ukuta wa chumba cha uchafu, ili hewa ivutwe kutoka upande wetu msafi. Barua imepokelewa. Nimeulizia mara tatu, na nitaulizia ya nne.

Rafu ya chini, hiyo hatukuisubiri barua. Fundi alikuja na baiskeli yake na mkebe wa vifaa, akaipandisha jioni moja.

## Rangi tatu

Madekio ya rangi tuliyoyaagiza hayakupatikana. Shangazi akaja na mabaki ya rangi ya mafuta kutoka kwake, mikebe midogo ya mlango na dirisha. Tukapaka mipini: buluu kwa stoo, kijani kwa chumba cha kufungia, nyekundu kwa uchafu. Ndoo nazo hivyo hivyo. Kwenye sakafu ya kila mlango tukapiga mstari wa rangi, na kandambili za upande mmoja hazivuki.

Kwenye daftari la otoklevu nikachora safu mpya kwa rula. Nani alisafisha, saa ngapi, alianzia wapi. Siku ya kwanza Shangazi aliandika jina lake mwenyewe, taratibu, herufi zikiwa zimesimama wima. Akaniuliza kama kuna ubaya akiandika na la baba. Nikamwambia aandike yote matatu.

Yalikwenda vizuri kwa siku kumi na tisa.

Siku ya ishirini alikuja msichana tusiyemjua. Kampuni iliyopewa kazi ya usafi huwahamisha watu wake kila inapoona inafaa, na Shangazi alikuwa amepelekwa jengo la wagonjwa wa nje. Nilikwenda kwa msimamizi wao, nikaomba. Akanisikiliza kwa adabu. Akasema kwao deki ni deki, mtu yeyote anaweza.

Nimekasirika sana juu ya sentensi ile, na hasira yangu haina pa kwenda, kwa sababu wiki chache nyuma ningeisema mimi.

Yule msichana ana bidii. Nilimfundisha siku mbili, nikatembea naye kutoka stoo mpaka kwenye sinki, nikamweleza habari ya glasi na sufuria. Alicheka, akasema kwao pia ni hivyo. Lakini siku ya tatu kulikuwa na dharura mbili usiku, na mimi nilikuwa nahesabu mikasi.

## Ijumaa

Ijumaa iliyopita, karibu na adhuhuri, nilisikia hodi. Shangazi alikuwa mlangoni, amevaa sare ya jengo jingine. Alikuwa anapita kwenda kuswali. Nikamwambia, karibu, ingia. Akatazama chini, akauona mstari mwekundu, akabaki upande wake wa pili na viatu vyake.

"Shikamoo Shangazi."

"Marahaba mwanangu. Hamjambo?"

"Hatujambo."

Akanyoosha shingo akitazama ndani, kama mtu anayetazama nyumba aliyoijenga. Akauliza:

"Dekio la stoo mmelianika?"

Nikasema ndiyo. Akaridhika, akatengeneza ushungi wake, akaenda zake.

Nilirudi ndani. Nilitaka kuendelea na trei iliyokuwa mbele yangu, kisha nikaiacha, nikazunguka nyuma kwenye kamba ya kuanikia. Kulikuwa na mpini wa kijani na mwekundu. Wa buluu haukuwepo. Nikaukuta kwenye ndoo yake, nyuma ya mlango wa stoo, dekio limezama kwenye maji ya asubuhi.

Nikayamwaga maji. Nikalifua dekio kwa sabuni, nikalisuuza mara tatu, nikalikamua, nikalitoa juani. Halafu nikavaa viatu, nikamfuata Shangazi kabla hajafika msikitini, nimwambie kwamba lilikuwa halijaanikwa.